Sare za Shule kwenye Foleni ya Mizani

Ninyi wauguzi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Viwanja Sitini mna adabu, sikatai. Shikamoo zenu nazipokea, na sukari mnayoniletea naipokea pia. Ila mkishakaa mnaniuliza swali lile lile: mama, miaka ile ya tisini mlifanyaje kazi bila dawa? Mnauliza mkitabasamu, kana kwamba mnauliza tulipikaje bila gesi. Basi leo nawajibu, na mtanivumilia, maana sijui kusimulia kwa mstari. Nikikumbuka kitu kando ya njia nitasimama nikiokote.

Nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto, kwenye zahanati moja pembezoni mwa mji wa Ifakara, mpaka magoti yalipokataa. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo na ndoano chini. Unamvisha mtoto kibukta cha turubai chenye kamba, unamtundika, analia kwa hasira, na wewe unasoma mshale katikati ya kelele. Hizi zenu za kuonyesha namba nimeziona. Ni nzuri, lakini zinawafanya mtazame namba bila kumtazama mtoto.

Aliyenifundisha ni Nesi Tekla, mama mfupi kutoka Mahenge, mkali hata kwa vyombo. Kila asubuhi kabla ya foleni alitundika mfuko wa mchanga aliokwenda kuupima kwenye mashine ya kukoboa mpunga, aone kama mizani inasema kweli. Siku moja, bado mgeni kazini, nilimpongeza mama mmoja kwa jinsi mtoto alivyoongezeka. Tekla akaja kimya, akamnyang'anya mtoto kipande cha muwa nilichomtundika nacho, akampima upya mbele ya foleni nzima. Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Tangu siku hiyo sikupima mtoto bila kumkagua viganja, na ninyi mfanye hivyo.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kusoma kadi. Alisema nisihangaike na nukta iko wapi, nitazame mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo anayepanda polepole ana nafuu kuliko mnene anayeshuka. Na ukikuta anayeshuka, usimfokee aliyemleta, maana kesho hatamleta. Tekla aliyasema haya, halafu yeye mwenyewe akafoka kila siku. Ndivyo walimu walivyo.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: mtoto haletwi kliniki na mtoto. Alikuwa na sababu. Ukimwelekeza dada wa miaka kumi namna ya kutengeneza uji, akifika nyumbani atakuwa amesahau nusu. Kwa hiyo mama aje mwenyewe, asikie mwenyewe. Sheria hiyo ilikuwa nzuri mpaka siku ambapo akina mama wenyewe walianza kupungua.

Tulianza kuona sare za shule kwenye foleni. Sketi ya buluu, shati jeupe, mtoto mgongoni. Mwanzoni alikuwa mmoja, akarudishwa. Baadaye wakawa kila siku ya kliniki, wasichana na hata mvulana mmoja mmoja, wanasimama nyuma kabisa wakitazama miguu yao. Ukitazama begani, shati lilikuwa na mkunjo pale fundo la khanga linapokaa, mkunjo ambao pasi haiutoi. Ukiwauliza mama yuko wapi, wote walijibu sawa: yuko shamba.

Hapo lazima nisimame kidogo. Katika bonde letu mvua zikianza watu huhama. Mpunga uko mbali, ng'ambo ya mto, na hauachwi peke yake: kuna kupalilia, kuna kuamia ndege, kuna kuvuna. Familia inabeba sufuria na vyandarua, inajenga dungu juu ya nguzo ili maji yasiifikie, na huko inakaa hadi mavuno. Kwa hiyo jibu la kwamba fulani yuko shamba lilimtosha kila mtu. Mwalimu alilikubali, padri alilikubali, nasi kliniki tulilikubali. Ukimwi ulipoingia ukajificha humo humo. Mtu akianza kukonda, ndugu walimpeleka shamba kabla majirani hawajaanza kumtazama mara mbili. Mtoto aliyeacha shule kwenda kumuuguza, sote tulidhani anafukuza ndege.

Dawa mnazozijua ninyi zilikuwa hazijafika kwetu. Tulikuwa na vidonge vya homa, maji ya chumvi na sukari, na maneno. Watoto waliozaliwa na wagonjwa tuliwapa uji na matumaini, na uji ulikuwa unaisha.

Sasa, watoto walipoona wanarudishwa, wakaanza kuazima mama. Pale getini alikaa Mama Roza akiuza maandazi, mama mpana, mcheshi, hana haraka. Asubuhi moja alipita kwenye mizani na mtoto wa kike, akatoka. Akarudi na wa kiume. Foleni inaelekea kwisha, akaja na wa tatu. Tekla akaweka kalamu chini, akamuuliza kama watoto wake wote watatu aliwazaa mwaka mmoja kwa miezi tofauti.

"Nesi, wewe pima tu," Mama Roza akajibu. "Wenyewe wako nyuma ya ukuta na sare zao, wanachelewa shule."

Tekla aliichukua tena kalamu. Kisha akampima yule wa tatu, akatoka nje, akazunguka ukuta, akawaita wale wasichana wote waingie. Sheria ile hakuitaja tena. Wa tatu yule aliitwa Deo, na aliyekuwa nyuma ya ukuta akimsubiri ni dada yake, Yusta, wa darasa la saba.

Yusta alikuwa mrefu, mkimya, mwenye sauti nzito isiyolingana na umri wake. Baba yao, kibarua wa miwa, alikufa mwaka uliotangulia kwa kile kilichoitwa kifua. Mama yao, Agatha, nilimfahamu vizuri. Deo nilimpokea kwa mikono yangu, na Agatha alipopimwa baadaye na kupewa majibu, aliniambia mimi peke yangu. Alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu, hata Tekla. Nilikubali. Halafu kaka yake akamhamishia shamba, kwenye dungu lao ng'ambo ya mto, na Yusta akaenda naye masika yote kumuuguza na kumbeba Deo.

Mavuno yalipoisha, Agatha alimfukuza binti yake kwa maneno makali. Alimwambia arudi mjini akafanye mtihani, asimwone pale hadi aumalize, isipokuwa Jumamosi. Yusta akarudi na Deo kwenye chumba chao, wawili tu. Asubuhi alimwacha Deo kwa Mama Roza kando ya kapu la maandazi, na siku Mama Roza asipokuja, alikwenda naye darasani au hakwenda kabisa.

Mnaona tatizo lilikotoka? Msichana amepotea masika yote, amerudi na mtoto mgongoni. Siku zile mwanafunzi akizaa alifukuzwa shule, hakukuwa na mjadala. Deo alikuwa amevuka mwaka, lakini njaa na homa zilimrudisha nyuma. Ungemwona ungesema ni wa miezi mitatu au minne. Wenzake darasani wakaanza kumwita Yusta Mama Deo. Wazazi wakasikia, na kamati ya shule ikamwita ajieleze, mtihani ukiwa unakaribia.

Niliomba niwepo, nikakubaliwa. Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, watu wazima magoti yakigonga mbao. Mwenyekiti alikuwa mzee Akwilini, fundi seremala, mtu wa kwaya, si mtu mbaya. Nilisema mtoto huyu nilimpokea mimi na aliyemzaa ni Agatha. Mmoja akasema sisi wanawake huwa tunafichiana. Nikaleta habari ya kadi, yenye jina la Agatha. Wakasema ni mabibi wangapi huandikisha watoto wa binti zao. Nikamfumbua Deo mdomo, nikawaonyesha meno, nikawaeleza kwamba mtoto wa miezi mitatu hana meno kama haya. Mzee Akwilini akainama akayatazama kwa makini ya fundi, kisha akasema mjukuu wake aliota mapema sana.

"Tatizo ni dogo," akamwambia Yusta. "Mama yako aje aseme huyu ni wake. Yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Mavuno yameisha, mwanangu. Watu wote wamerudi."

Yusta aliinuka. Angeweza kusema neno moja akarudi darasani kwake. Alimfunga Deo mgongoni, akakaza fundo, akatazama ubao. Nami nilikuwa na neno lile lile mdomoni na sikulitoa, kwa kuwa halikuwa langu. Walitupa juma moja.

Nje nikamwambia nitakwenda kwa mama yake. Ndiyo mara pekee niliyomwona akikaribia kulia.

"Usiende, mama. Aliniambia heri niitwe chochote kuliko watu wamwone vile alivyo."

Sikilizeni hapa, kwa sababu hili hamtafundishwa chuoni. Siri ya mgonjwa si yako kuitoa, hata kwa wema, hata ukiona mtu anaumia mbele yako. Lakini mwenye siri yupo, nawe una miguu ya kumfuata, naye ana masikio ya kukusikia. Usiamue badala yake kwamba hawezi. Nilichukua baiskeli, nikafika mtoni, nikavushwa na mtumbwi, nikasukuma baiskeli kwenye majaruba makavu hadi kwenye dungu lao.

Agatha alikuwa amelala kwenye mkeka, chini kwenye kivuli, sababu ngazi ilikuwa imeshamshinda. Sitawaeleza alivyokuwa. Mmeona picha za wagonjwa wa wakati ule, inatosha. Aliponiona alifikiri Deo amekufa, akajaribu kuinuka. Nilimtuliza, nikamweleza yote: sare, jina la Mama Deo, kamati, juma moja. Sikumwomba chochote. Alichezea ukindu wa mkeka.

"Mtihani lini?" akauliza.

"Mwezi wa tisa."

"Mwambie kaka aniletee maji nioge."

Alikuja siku ya kikao akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, amefungwa kiunoni na kaka yake kwa khanga ili asianguke, kaka akiisukuma baiskeli kwa kutembea kutoka mtoni hadi shuleni. Alivaa kitenge chake cha kanisani, kimemzunguka mara mbili. Alipoingia akijishikilia kwenye mlango, mzee Akwilini alisimama kwa heshima, akamwamkia vizuri, akamuuliza amsaidie nini, mgeni. Mtu aliyesimama naye kwaya miaka na miaka.

"Akwilini, ni mimi, Agatha. Wa sauti ya kwanza."

Mzee alikaa chini bila kutazama dawati liko wapi. Wajumbe wawili walisogea kuelekea dirishani, mmoja akaziba mdomo kwa leso. Agatha aliwaona. Akasema sina mengi, mtoto ni wangu, huyu binti ni dada yake, na ninachoumwa mnakiona. Halafu akanyoosha mikono kwa Yusta apewe Deo.

Yusta alimfungua mgongoni, akampa. Deo alimtazama yule mwanamke usoni, akapiga kelele. Alijinyonga mikononi mwake, akageuka, akamnyooshea Yusta mikono yote miwili.

"Mama," akalia. "Mama. Mama."

Hakuna kitu kilichowahi kuniuma katika kazi yangu kama sauti ile, na nimesikia mengi. Nyuma yangu mtu akanong'ona, mnasikia wenyewe, bila kujiuliza ni mtoto gani wa miezi mitatu anayeita mama. Agatha hakumlazimisha mtoto. Alimrudisha kwa dada yake, akajishikilia kwenye dawati.

"Ana haki ya kumwita hivyo," akasema. "Mimi nilimzaa tu. Mkitaka kumfukuza, mfukuzeni. Lakini andikeni kwamba amefukuzwa kwa kulea, msiandike kwamba amezaa."

Mwalimu mkuu alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima mwenye chaki mfukoni. Mzee Akwilini alisema Yusta arudi darasani kesho, na kwamba kikao kimekwisha. Kisha akamfuata Agatha nje, akasaidia kusukuma baiskeli hadi mtoni. Wale wengine walibaki wakifuta dawati aliloshika. Niliwaona.

Agatha alifariki kabla ya mtihani. Alipoletwa mjini kuzikwa, wanawake walikaa mbali na maiti, wakasema hawajui kama maji ya kuoshea yanaambukiza. Tekla alifika na glavu za zahanati na sabuni ya kipande, akanipa jozi moja, akaanza kukunja mikono ya gauni lake. Tulimwosha wawili. Nilimwambia baadaye kwamba nilijua tangu mwanzo na sikumwambia. Akasema kama ningemwambia angenifukuza kazi.

Wiki ya mtihani, Deo alikaa kliniki. Laiti mngemwona Tekla, yule wa sheria, anaandika kadi za watu huku amefunga mtoto mgongoni, anafoka na kubembeleza kwa pumzi moja. Tulimpa uji wa karanga zilizotwangwa na unga wa samaki wakavu, vijiko vichache kila mara, kwa kuwa tumbo lililozoea njaa halipokei bakuli zima. Hili pia mlishike. Mwanya kati ya mlo na mlo ndio unaoua, kuliko udogo wa mlo wenyewe. Na ukimaliza kumlisha mtoto, mtazame aliyemleta, umuulize na yeye amekula nini. Tulichelewa sana kuuliza swali hilo. Wale wa sare walikuwa wanashindia andazi moja la Mama Roza, tena la kupewa, na sisi tulikuwa tunawapa ushauri kuhusu mboga za majani.

Siku hizi mkiona takwimu za miaka ile mnaona wagonjwa na waliokufa. Mimi nikifumba macho naona foleni. Naona watoto waliofika darasa la tano wakaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kugeuzwa kitandani na mdogo wa kubebwa. Hakuna aliyewafukuza. Walipungua tu, dawati baada ya dawati, nasi tukaendelea kusema wako shamba.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, kutoka shule ile yalikuwa machache mno, na la Yusta lilikuwemo. Sekondari ya bweni, mbali. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kliniki kutuambia. Tekla, ambaye hakuwa na tabia hiyo, alipiga kigelegele. Tulianza kupanga: mjomba, yule kaka wa Agatha, akubali kumchukua Deo, sisi tutafute sanduku la bati na godoro, mzee Akwilini akasema sanduku atatengeneza yeye, la mbao, lenye kufuli. Mjomba alikubali. Kila kitu kilikuwa tayari.

Yusta alikuja siku ya kliniki, amevaa khanga, hana sare. Nilianza kumpongeza, akaniambia kwanza mpime. Akamvisha Deo kibukta mwenyewe, akamtundika, akasubiri mshale utulie. Alikuwa amepanda. Si sana, ila amepanda, kwa mara ya pili mfululizo, na Yusta akatazama kadi akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona meno.

Nikamweleza mipango yetu, sanduku, godoro, mjomba. Alisikiliza yote kwa adabu, akashukuru.

"Nimejaribu kumwacha kwa mjomba, wanamwekea sahani yake peke yake," akasema. "Hataki kula humo. Ananitafuta mlangoni."

"Na shule, mwanangu?"

Alikuwa tayari anamfunga mgongoni. Alikaza fundo, akaweka kadi kifuani.

"Nitakwenda akishajua kuniita dada."

Shule ilifunguliwa, nafasi yake ikapewa mwingine. Deo alifariki masika yaliyofuata, na mpaka siku ile alikuwa bado anamwita Yusta mama.